Mikono Iliyochelewa Kuamka

Soweto, Mbeya
Julai 2025

Dada yangu mpendwa Evarista,

Kamwene, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Marcelino na watoto, na mama mkwe wako pia, ambaye najua ataanza kuuliza nani kaandika kabla hujafungua hata bahasha. Sisi huku tunaendelea vizuri. Baridi ya mwaka huu imetushika kweli, lakini nikikumbuka baridi ya Kidabaga naona aibu kulalamika. Mguu wa shemeji umepona? Viazi mmeshavuna, au bado viko shambani? Mume wangu Asukile anakusalimu sana. Anasema ule mzigo wa maparachichi ulifika salama, ila hasemi kwamba nusu yake aliimaliza yeye.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Dada, simu yako siyo simu, ni redio ya kijiji. Ikilia tu unaiweka spika kwa sababu mama mkwe hasikii vizuri, na jirani akipita naye anasimama kusikiliza. Habari niliyonayo haifai kwa spika. Nataka uisome peke yako kwanza, halafu umsomee shemeji, halafu wa tatu mtamchagua wenyewe. Na nakuomba usirukie mwisho. Nakujua, hata hadithi za vitabu vya shule ulikuwa unaanza na ukurasa wa mwisho.

Habari yenyewe ni ya mwanao Blessing. Yuko hai, yuko mzima, sasa hivi ninavyoandika yuko uani anafua sare zake za shule na anaimba vibaya kama kawaida yake. Nimeanza na hilo ili moyo wako utulie. Lakini mwezi uliopita alianguka, akapoteza fahamu, akatetemeka mwili mzima. Nilipokuambia kwenye simu kwamba tunampima kichwa kidogo, kilichokuwa kinapimwa ni hicho. Daktari akatuwekea swali moja: aanze dawa sasa, au tusubiri tuone kama itamtokea tena? Na dawa yenyewe siyo ya wiki. Ni ya miaka, na huenda ikawa ya maisha. Wewe ndiye uliyemzaa, mimi ni mama mdogo tu niliyepewa nimsomeshe, kwa hiyo unastahili kujua kila hatua tuliyopita.

Unajua kila msimu wa mpunga nakwenda Ubaruku kununua na kukoboa mwenyewe, maana mchele ukiununua umeshakobolewa hujui umechanganywa na nini. Safari hii shule zilikuwa zimefungwa, Blessing akaomba twende wote. Umeme ukakatika mashineni jioni, ukarudi usiku mkubwa, na sisi wenye magunia hakuna aliyekubali kwenda kulala na kupoteza nafasi yake kwenye foleni. Nilimwambia mtoto akapumzike kwa mwenyeji wetu. Akakataa, akasema hawezi kuniacha na wale wanaume wanaopenda kusogeza magunia ya watu nyuma. Basi tukakesha, tukakoboa, na jua lilipotoka tulikuwa tunamalizia kufunga.

Yeye alishika mdomo wa gunia, mimi nashona. Nikaona mikono yake imeruka, gunia likamponyoka, mchele ukamwagika kidogo. Nilikuwa najiandaa kumtania. Kabla sijafungua mdomo akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, akaanguka chali kwenye lundo la pumba. Mwili ukakakamaa wote kama ubao, halafu ukaanza kutetemeka, macho yamegeuka, povu linatoka. Dada, niliogopa. Nilisimama na sindano mkononi sijui hata niiweke wapi.

Watu wakarudi nyuma. Mmoja akapiga kelele kwamba lile povu lisiguswe, linaambukiza, na akina mama wakabeba watoto wao wakaenda mbali. Aliyekuja mbele ni mama mmoja Msangu, mnunuzi mwenzangu, anaitwa Esnath. Alivua mtandio wake akauweka chini ya kichwa cha Blessing, akasogeza mawe ya mizani yaliyokuwa karibu, akamzuia kijana aliyetaka kumtia kijiko mdomoni. Akaniambia nisimbane, nimwache, kitapita. Kilipopungua akamlaza ubavu na kumfuta mdomo kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wote wale. Baadaye aliniambia kaka yake anao ugonjwa huo tangu utotoni, na mpaka leo hajamwambukiza mtu.

Mtoto akalala palepale. Alipoamka hakujua yuko wapi, alinitazama kama mgeni, kisha pole pole nikaona anarudi. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama gunia lake limeshafungwa. Nililia na kucheka kwa pamoja. Mpaka leo sijapata neno la kusema jinsi nilivyostaajabu, kwamba mtu anaweza kuondoka kabisa huku umemshika, halafu akarudi na kuendelea na kazi alipoiachia.

Tulimpeleka hospitali ya Rujewa kwanza. Wakapima malaria, hamna. Sukari, iko sawa. Homa, hamna. Wakatuambia twende hospitali kubwa Mbeya tukamwone daktari wa magonjwa ya ubongo. Nilirudi na mchele wangu juu ya lori na mtoto wako begani kwangu amelala, na njia nzima nilikuwa naangalia mikono yake.

Daktari huyo anaitwa Sifaeli. Ni mtu mpole, anaongea taratibu hadi Asukile alianza kusogeza kiti mbele. Alitueleza kwamba ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo mdogo, sehemu hii inaipa habari sehemu ile, kila moja kwa zamu yake. Ikitokea sehemu zote zikapiga kelele kwa wakati mmoja, mtu anaanguka. Alisema jambo ambalo sikulitegemea, kwamba mtu yeyote anaweza kupata kifafa cha mara moja, na karibu nusu ya waliopata mara moja hawapati tena maisha yao yote. Ndiyo maana hakimbilii kutoa dawa. Dawa ikianza sasa inapunguza uwezekano wa kuanguka tena karibuni, lakini ina maudhi yake, na kwa mtu aliyeanguka mara moja tu, asiye na dalili nyingine, kusubiri hakuharibu mambo ya mbele. Anayeanza sasa na anayeanza baada ya mara ya pili, mwisho wa safari hufika karibu mahali pamoja.

Akatuambia basi tuchague kwa kutulia. Wakati tunangoja kipimo cha umeme wa ubongo, mtoto asikeshe kabisa, asipike peke yake kwenye moto wa wazi, asipande juu ya miti wala dari, asiende mtoni mwenyewe. Alimweleza Blessing mwenyewe, siyo sisi. Alisema ana miaka kumi na saba, kichwa ni chake.

Nyumbani tukagawanyika. Asukile alitaka dawa ianze siku hiyohiyo, kwa kuwa Mnyakyusa akishaogopa hataki mjadala. Alisema hawezi kulala akijua mtoto wa watu anaweza kuanguka bafuni na mlango umefungwa, na kweli asubuhi yake aling'oa komeo la bafu, sasa wote tunaoga kwa kuimba ili mtu asituingilie. Mimi nilitaka kusubiri. Nilifikiria vidonge kila siku asubuhi na jioni mpaka awe bibi, nikaona ni mzigo mkubwa kwa ajili ya asubuhi moja ya kukesha. Blessing ndiye aliyekuwa na furaha kuliko wote. Alisema mara moja ni ajali, na ajali haimezewi dawa. Basi wawili tukamshinda mmoja, tukakubaliana kusubiri, na nikakaanga chipsi mayai kama watu waliofaulu mtihani.

Siku ya kipimo tulikwenda mimi na yeye tu. Walimbandika waya nyingi kichwani kwa kitu kizito kama uji, na afadhali ana nywele za shule, zile fupi, ingekuwa misuko tungekesha palepale. Akalala kitandani, waya zote zikaenda kwenye mashine, na kwenye kioo ikatokea mistari mingi inatembea polepole, mmoja juu ya mwingine. Mtaalamu akaniambia huo ndio ubongo wa mtoto unaoongea. Dada, nilisimama nikafanya ishara ya msalaba. Nilikuwa naangalia mawazo ya Blessing! Akifumba macho mistari inabadilika. Akifumbua, inabadilika tena. Nilitamani kumuuliza anawaza nini ili nione kitaandikwaje.

Kisha wakamwekea taa mbele ya uso inayowaka na kuzimika haraka haraka. Mara mistari yote, yote kabisa, ikaruka kwa pamoja juu na chini, kitambo kidogo tu, halafu ikatulia. Na wakati uleule niliona vidole vyake vikiruka juu ya shuka. Mistari imeruka na vidole vimeruka, pamoja. Mtaalamu akazima taa haraka, akamuuliza kama yuko sawa, akasema yuko sawa, hakusikia kitu. Mimi nikaomba kiti.

Tulipoingia kwa daktari alikuwa ameshaiona ile mistari. Hakuzungumzia mistari kwanza. Aliuliza swali moja dogo, kama asubuhi, mtoto akiwa ametoka kuamka, mikono yake huwa inaruka ghafla na kuangusha vitu. Mimi nikacheka, dada. Nilicheka kwa sauti! Nikamwambia huyu ndiye anayetufilisi vikombe, kila baridi ikianza anavunja, mpaka mama yake aliniagiza kutoka Iringa nimpe kikombe cha plastiki, na kwetu Kilolo baridi ya asubuhi inaruka na mikono ya kila mtu. Nikaendelea kumsimulia ule uji aliommwagia Asukile siku ya Ubarikio wa mpwa wake, akiwa amevaa suti. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alimgeukia Blessing akamuuliza imeanza lini. Blessing akasema kwa sauti ndogo, tangu darasa la saba.

Kumbe ule mruko siyo baridi. Daktari alisema ndiyo kifafa chenyewe, kile kile, ila kinakuja kidogo kidogo, kwenye mikono tu, na mtu anakuwa na akili zake zote. Watu wengi wa sehemu za baridi kama sisi wanauona kila siku na hawaujali, wanasogea karibu na moto, ambako ndiko hawatakiwi kuwa. Kwa hiyo pale Ubaruku haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza kuanguka, lakini ugonjwa ulishakaa naye miaka minne mezani kwetu, tunauchekea. Na aina hii, akasema, haipotei yenyewe, ikikutana na kukosa usingizi inarudi tu. Ushauri wake sasa ukawa mwingine: asisubiri tena, aanze. Alichagua dawa ambayo haitamletea shida siku akija kubeba mimba, hilo nilimuuliza mara mbili kwa niaba yako.

Natamani ningekuandikia kwamba mwanao alisema sawa. Alikataa. Alimwambia daktari kwa heshima zote kwamba ataanza akianguka mara ya pili. Shuleni kwao kuna msichana aliwahi kuanguka paredi, na mpaka leo dawati lake hakai mtu mwingine, na wasichana wanafunika vikombe vyao akipita. Alisema mikono kuruka anaweza kuificha mifukoni mwa sweta, lakini vidonge havifichiki, mtu ataviona tu. Daktari hakumgombeza. Alisema dawa ya kulazimishwa huishia chini ya godoro, yeye anataka iliyokubaliwa. Akatupa dawa, akasema siku chache za kufikiri siyo neno, miezi hapana, kwa sababu mara ya pili haichagui mahali pa kuangukia.

Nyumbani nilimbembeleza, nikamtisha, nikapandisha sauti, mpaka jirani alikuja kuuliza kama kuna msiba. Asukile alijaribu kwa upole wake, akaambulia kuambiwa amrudishie komeo la bafu. Dawa ikakaa kabatini siku kadhaa. Kila asubuhi nilikuwa nasikiliza mlio wa miguu yake kabla sijainuka kitandani, na kila ukimya ulinitoa jasho na baridi yote hii. Sijawahi kuogopa kimya cha asubuhi kama wiki ile.

Sasa nafika mahali ambapo nataka ukae chini, dada, kama umesimama.

Daktari aliniuliza pia kama kuna mtu mwingine kwenye ukoo mwenye kitu kama hiki. Nilijibu upesi kwamba hakuna, ukoo wetu hauna kifafa, babu alikufa kwa uzee na wengine kwa mapafu. Nilijibu kwa kiburi kabisa. Halafu Jumamosi moja nilikuwa nachambua mchele sokoni, ungo uko mapajani, na mikono yangu inafanya kazi yenyewe bila kuniuliza. Nikawa naiangalia tu jinsi inavyokwenda. Na nikakuona wewe.

Nilikuona kwetu, asubuhi, jikoni, moshi umejaa, una kama miaka kumi na tano. Marehemu mama hakukuruhusu kumbeba mdogo wetu Vitus akiwa mchanga mpaka jua liwe limepanda. Unakumbuka alivyokuwa akisema? Mpeni mtoto Yudith, mikono ya Evarista haijaamka. Mimi mdogo, nisiyeweza hata kuchota maji vizuri, ndiye niliyepewa mtoto. Nikaikumbuka kalamu yako iliyokuwa inaruka hadi dawati la mbele katika kipindi cha kwanza, na mwalimu akikuita ukanyooshe hiyo hiyo mikono ichapwe. Nikalikumbuka lile kovu lako la mkononi, la sufuria ya uji, na jinsi nyumba nzima tulivyosema ni uzembe, na wewe ukasema hivyohivyo. Mpaka leo unasema. Mama mkwe wako akija na wageni asubuhi humimini chai wewe, anamimina binti yake, na wewe mwenyewe unaeleza wageni kwa kucheka kwamba umezaliwa mzembe wa mikono.

Niliacha ungo palepale, nikamwomba mwenzangu aniangalizie meza, nikatembea hadi nyumbani. Sikumbuki njia. Nilikuwa nashangaa tu, kwamba kitu kinaweza kutoka jikoni kwa mama yetu kule Kidabaga, kikavuka milima yote hii, kikaingia kwenye kioo cha mashine hapa Mbeya, na kikaandikwa kwa mistari mbele ya macho yangu bila mimi kukitambua. Nilijihisi mdogo, dada, kama nilivyokuwa najihisi kanisani utotoni, wakati wa mageuzo, kengele ikilia.

Nikamkuta Blessing anakunja nguo. Nikamweleza yote hayo, kama nilivyokuandikia. Sikumwambia kwa ajili ya kumshawishi, nilikuwa nimeshachoka kumshawishi. Nilimwambia kwa sababu nisingeweza kukaa nayo peke yangu mpaka jioni. Alisikiliza, akaacha kukunja. Akaniuliza kama wewe mama yake hukuwahi kupimwa na mtu yeyote. Nikamwambia hakuna aliyewahi kuwaza. Akaniuliza mwalimu alikuwa anakuchapa kila siku au siku moja moja. Akainama, nikadhani analia, lakini alipoinua uso hakuwa analia.

Aliniambia kwamba mama amekaa na kitu hiki maisha yake yote, peke yake, hakuna aliyempa hata jina lake. Yeye amepewa jina na dawa siku hiyohiyo, na anajificha kwa sababu ya wasichana wa darasani. Kisha akasema akianza yeye, mama akija hataogopa, atakuwa na wa kumuuliza. Akaenda kabatini mwenyewe. Akajaza maji kwenye glasi, akakaa mezani, akaniangalia, akameza. Mimi nilikuwa nimeshika mlango.

Basi ndiyo hivyo, dada. Kuna jambo nilipaswa kukuuliza kabla, wewe na shemeji, na sikukuuliza. Ningeweza kumwambia asubiri nikupigie. Sikutaka. Nilipomwona ameinua ile glasi kwa ajili yako nilijua siwezi kumzuia, na hata sasa nikirudishwa pale nitashika mlango vilevile. Ukitaka kunigombeza unigombeze, ila uje unigombezee hapa.

Wiki ya kwanza dawa ilimfanya mkali kama pilipili mbuzi, alimgombeza hata paka, na akawa analala saa za mchana. Sasa ametulia. Mikono imepungua kuruka, sisemi imekwisha. Hajaanguka tena. Tuliporudi kwa daktari nilimweleza habari zako, bila kutaja jina. Alisema hawezi kumsemea mtu asiyemwona, na mimi si daktari, naweza kuwa nimekosea. Lakini alisema aina hii hutembea kwenye familia, na wapo wanaoishi na mikono tu, hawaanguki, na umri ukienda inapungua. Wewe mwenyewe uliniambia Krismasi kwamba siku hizi huvunji sana. Anataka kukuona. Alisema uje ukiwa umelala vizuri usiku uliotangulia, na usiogope ile taa.

Kwa hiyo nakuomba upande basi la Mbeya, wiki hii au ijayo, viazi viko na watu wa kuvivuna. Mwambie shemeji Marcelino ni mimi nimekuita, na kama mama mkwe atauliza mwambie umekuja kumwona mtoto, wala si uongo. Mimi na Blessing tutakuwa stendi kukupokea. Yeye ameshahamisha godoro lake, anasema utalala naye.

Msalimie sana Vitus ukimwona, na padri, na wote wanaonikumbuka hapo. Watoto wawili wadogo wabusu kwa niaba yangu. Asukile anasema ndaga, ile asante ya kwao, na anasema safari hii maparachichi usihangaike kuyabeba, ingawa namjua, hasemi kweli. Mungu akulinde njiani, mimi nakusubiri kwa hamu ambayo sijui hata niiandikeje.

Na ukiwa ndani ya basi, ukianza kufikiri kwamba huna cha kwenda kupimwa, kwamba wewe ni wewe tu na ndivyo ulivyozaliwa, tafadhali kumbuka nilichokuandikia mimi mdogo wako niliyepewa mtoto mikononi badala yako: hukuwa mzembe, dada. Hukuwa mzembe hata siku moja.

Mdogo wako akupendaye,
Yudith